OMUKAMA RUMANYIKA WA KARAGWE: MFALME ALIYEULIZA HABARI ZA JUA NA MWEZI

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Muumba wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Wanafunzi wapendwa na wazazi wetu, katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri tumezoea kusoma habari za masahaba na wanazuoni wa nchi za mbali. Safari hii tunarudi nyumbani. Tutasoma maisha ya mtu ambaye jina lake kila mtoto wa Karagwe na Kyerwa amelisikia, naye ni Omukama Rumanyika, aliyetawala Karagwe zaidi ya miaka 130 iliyopita. Hakuwa Muislamu. Lakini katika maisha yake kuna mafunzo makubwa juu ya jambo linalosumbua nyumba nyingi mpaka leo, nalo ni kutafuta habari za maisha yetu katika nyota na mwezi.

NASABA NA UTAWALA WAKE

Rumanyika alikuwa wa ukoo wa Abahinda, ukoo uliotawala Karagwe kwa vizazi vingi na ambao asili yake inahesabiwa kutoka kwa Ruhinda. Baba yake alikuwa Omukama Ndagara. Makao makuu yalikuwa Bweranyange, juu ya vilima vinavyotazama ziwa dogo. Utajiri wa Karagwe wakati ule ulikuwa ng'ombe, chuma, kahawa na pembe za ndovu. Katika ikulu yalihifadhiwa mapambo na vifaa vya chuma na shaba, vikiwemo sanamu za ng'ombe, ambavyo wageni waliovitazama walivistaajabia.

Ndagara alipofariki katika miaka ya 1850, wanawe watatu walibaki wakitazamana. Walikuwa Rumanyika, Nnanaji na Rogero. Ni nani atakalia kiti?

Masimulizi ya ikulu, ambayo Rumanyika mwenyewe aliyasimulia kwa wageni wake, yanaeleza kwamba wakuu wa nchi waliweka mbele ya wana wa mfalme ngoma ndogo iliyotiwa dawa. Kwa uzito wake ilikuwa nyepesi kama unyoya, lakini ilisemwa kuwa asiyestahiki hawezi kuinyanyua. Ndugu wawili wakashindwa, na Rumanyika akaiinua kwa urahisi. Yakasimuliwa pia majaribio ya pili. Mrithi huketishwa mahali maalumu, na ardhi aliyokalia ikainuka kama mlima mpaka karibu na mawingu. Akikubaliwa huitazama nchi yote kutoka juu kisha hushushwa salama, na akikataliwa huanguka na kufa. Rumanyika alisema kwamba yeye alipandishwa akashushwa salama.

Tusiharakishe kucheka, ndugu msomaji. Kila taifa lilikuwa na njia yake ya kumpa mfalme heshima. Lakini tuangalie kilichofuata. Pamoja na ngoma kukubali na mlima kuinuka, Rogero hakukubali. Akaasi na kupigana. Rumanyika aliupata utawala kwa utulivu baada ya wafanyabiashara kuingia kati, hasa Musa Mzuri, mfanyabiashara mwenye asili ya India aliyekuwa na makao Tabora. Musa alitoa pembe za ndovu kwa Kabaka Suna wa Buganda ili alete nguvu za kumwondoa Rogero. Basi ngoma ilimpa Rumanyika jina la mfalme, lakini kilichomweka kwenye kiti ni pembe za ndovu na mikuki ya Waganda.

MWEZI MWANDAMO KATIKA IKULU YA BWERANYANGE

Mwishoni mwa Novemba 1861 walifika Karagwe Wazungu wawili, John Hanning Speke na James Grant, waliokuwa wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Rumanyika aliwapokea kwa ukarimu ambao waliusifu mpaka walipokufa. Speke aliondoka kwenda Buganda Januari 1862. Grant alikuwa na kidonda kibaya cha mguu, akabaki akiuguzwa Karagwe hadi Aprili. Mengi tunayoyajua juu ya Rumanyika yametokana na kitabu alichokichapisha Speke mwaka 1863 na kile cha mwenzake.

Miongoni mwa waliyoyashuhudia ni sherehe ya mwezi mwandamo. Kila mwezi mpya ulipoonekana, ikulu ilikusanyika. Omukama aliketi akiwa amevaa kilemba cha shanga chenye manyoya mekundu juu ya paji la uso, na ndevu nyeupe za kuvaa kidevuni. Ngoma 35 zilipangwa na wapigaji wake, zikapigwa kwa pamoja. Kisha wakuu wa nchi walitoka mmoja mmoja, wakirukaruka na kutikisa fimbo, wakiapa kwamba hawatamgeuka mfalme wao. Kwa maelezo aliyopewa Speke, lengo lilikuwa kujua ni wangapi bado ni watiifu. Anayekuja mwezi unapoandama ni wetu, asiyekuja ana jambo.

Kwa hiyo mwezi ulikuwa kalenda ya siasa. Haikuwa elimu ya nyota kama inavyofanywa na waganga wa pwani, kwa sababu Karagwe haikuwa na vitabu vya buruji. Utabiri wa hapa ulikuwa mikononi mwa abafumu, ambao walichinja kuku na kusoma matumbo yake, au walirusha mbegu na kutazama zilivyoanguka. Lakini mzizi ni mmoja. Binadamu anaogopa kesho, anatafuta kitu kitakachomwonyesha mapema. Mmoja anatazama utumbo wa kuku, mwingine anatazama Zohali.

ELIMU YA NYOTA NI NINI, NA HUFANYWAJE?

Hapa inafaa tusimame kidogo tueleze, kwa sababu wanafunzi wengi husikia neno nyota bila kujua undani wake. Katika maneno ya watu, falaki na unajimu huchanganywa, na mpiga ramli naye huitwa mtu wa falaki. Sisi tuyatenganishe.

Falaki ni elimu ya kuhesabu mwendo wa jua, mwezi na nyota. Kwayo tunajua nyakati za swala, mwelekeo wa kibla, mwanzo wa miezi na siku ya kupatwa kwa jua. Unajimu ni madai kwamba mwendo huo unaamua au unatangaza riziki, ndoa, maradhi na kifo cha mtu.

Wanajimu waligawa njia ya jua angani katika sehemu 12 ziitwazo buruji: Hamali (kondoo), Thauri (ng'ombe), Jauza (mapacha), Saratani (kaa), Asadi (simba), Sumbula (mashuke), Mizani, Akrabu (nge), Kausi (mshale), Jadi (mbuzi), Dalu (ndoo) na Hutu (samaki). Kila buruji ikapewa tabia moja kati ya nne: moto, udongo, upepo au maji. Kisha zikachukuliwa sayari saba za watu wa kale, yaani Zohali, Mushtari, Mirihi, Jua, Zuhura, Utaridi na Mwezi, na kila saa ya mchana na usiku ikapewa sayari yake. Saa hii wakaiita njema, saa ile wakaiita nuksi. Utaalamu huu ni wa kale kuliko Uislamu. Ulikuwepo Babeli, ukapita kwa Wayunani, ukaandikwa tena kwa Kiarabu, na kwa njia ya Bahari ya Hindi ukafika Lamu, Mombasa, Zanzibar na Bagamoyo. Kutoka pwani ukapanda bara pamoja na misafara.

Wasomi wa Kiislamu waliujua vizuri. Al-Biruni, aliyeishi kati ya 973 na 1048, aliandika mwaka 1029 kitabu cha kufundishia misingi ya unajimu, akaeleza kila kanuni ya wenye ufundi huo, wala hakuficha shaka yake juu ya hukumu zao. Yeye mwenyewe alitumia maisha yake kupima ardhi na mwendo wa nyota.

Waganga wengi wa kwetu hawatazami hata mbingu. Wanatumia majina. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani ya namba katika hesabu ya abjadi. Huchukuliwa jina la mtu na jina la mama yake, namba hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa 12, na kinachobaki ndicho huitwa nyota yake.

Tufanye hesabu moja tuone. Ali ni ain 70, lam 30 na yaa 10, jumla 110. Mama yake anaitwa Amina. Tukiliandika jina hilo kwa alifu, mim, nun na taa marbuta, tunapata 1, 40, 50 na 5, jumla 96. Tukijumlisha 110 na 96 tunapata 206. Ukigawa kwa 12 panabaki 2. Nyota ya Ali ni ya pili, Thauri, ng'ombe, na tabia yake ni udongo. Ataambiwa ni mvumilivu, alime, asifanye biashara ya majini.

Sasa mganga wa pili akaliandika jina la Amina kwa kuongeza yaa baada ya mim, na Kiarabu kinaruhusu majina yote mawili. Amina sasa ni 106. Jumla inakuwa 216, ambayo kwa 12 inagawanyika bila kubaki kitu, na isipobaki kitu huhesabiwa buruji ya 12. Ali amekuwa Hutu, samaki, tabia yake maji! Ali ni yule yule, mama ni yule yule. Yaa moja imemtoa ng'ombe machungani ikamtia ziwani. Je, ndoa ya mtu ivunjwe kwa hesabu kama hii?

Na wale wanaofuata tarehe za kuzaliwa, kama zinavyochapwa magazetini, nao wana tatizo lao. Tarehe zile zilipangwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mhimili wa dunia huyumba polepole, na tangu wakati ule nyota zimesogea karibu buruji nzima. Jua ambalo gazeti linasema limeingia Hamali tarehe 21 Machi, kwa hakika siku hiyo liko mbele ya nyota za Hutu.

MASWALI YA MFALME

Tumrudie Rumanyika. Wageni wake walimweleza kuwa mtu mrefu, mpole wa maneno, asiye na pupa, na mwenye hamu ya kujua. Siku moja katika mazungumzo alimuuliza Speke kama jua tunaloliona leo ndilo lile lile la jana, au kila siku linakuja jua jipya. Akauliza pia juu ya mwezi. Kwa nini unabadilisha sura yake? Je, unatufanyia sisi binadamu vichekesho huko juu?

Mtu mwingine anaweza kuyaona kuwa maswali ya kitoto. La hasha! Hayo ni maswali ya mtu anayefikiri. Kila mwezi ngoma 35 zilipigwa kwa ajili ya kitu ambacho aliyepigiwa ngoma hizo hakujua ni nini, na alikuwa na ujasiri wa kuuliza.

Tukumbuke kwamba watu wa Madina nao walimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya miezi miandamo. Jibu lililoteremka, tunalolisoma katika Suratul-Baqara aya ya 189, halikutaja bahati wala nuksi. Lilieleza kwamba miandamo ni vipimo vya nyakati kwa ajili ya watu na kwa ajili ya Hija. Na Suratul-An'am aya ya 76 hadi 79 inatusimulia Nabii Ibrahim (a.s.) akitazama nyota, kisha mwezi, kisha jua, na kila kimoja kilipotua akakikataa kuwa mola, akauelekeza uso wake kwa Aliyeviumba.

Na jibu la falaki kwa swali la Rumanyika ni jepesi. Jua ni lile lile, ni dunia inayozunguka. Mwezi hauna mwanga wake. Nusu yake inayoelekea jua huangaziwa daima, na sisi tunaona sehemu ya nusu hiyo kwa kadiri mwezi unavyotuzunguka. Kutoka mwandamo hadi mwandamo ni wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44, ndiyo maana miezi yetu huwa ya siku 29 au 30. Karagwe ipo karibu na Ikweta, kwa hiyo hilali yetu mara nyingi huonekana imelala kama mtumbwi. Kuna wanaosema mwezi ukilala ni dalili ya njaa. Si dalili ya njaa, ni mahali tulipo duniani.

Hesabu hiyo ni ya hakika kiasi kwamba tunaweza kurudi nyuma. Wageni wale wakiwa Bweranyange, mwezi uliandama mwanzoni mwa Januari 1862, na kwa kalenda yetu huo ulikuwa Rajab 1278. Siku moja au mbili kabla yake, 31 Desemba 1861, jua lilipatwa kikamilifu katika sehemu za Karibi, Afrika Magharibi na Mediterania. Haya yanajulikana kwa hesabu tupu. Lakini hakuna hesabu yoyote ya mbingu iliyoweza kumwambia Rumanyika kwamba nduguye atamsamehe, au lini.

Kwani jambo hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Katika mazungumzo yake na Speke alimwomba uganga wa kummaliza Rogero, na mgeni alimjibu kuwa hana dawa ya namna hiyo. Mfalme aliyekuwa na waganga wake wote, na ngoma iliyomchagua, bado aliomba dawa kwa mpita njia. Angekuwa amepata kwa waliokuwa nyumbani, asingeomba kwa mgeni.

MAJIRANI WA KAFURO

Karibu na Bweranyange palikuwa na kituo cha biashara kiitwacho Kafuro. Waarabu na Waswahili waliweka hapo nguo, shanga na waya, wakanunua pembe za ndovu, na biashara ya watumwa nayo ilikuwemo, nasi hatupaswi kuificha. Rumanyika aliwalinda, wakaishi kwa amani miaka mingi. Mmoja wao alikuwa Ahmed bin Ibrahim, ambaye mwaka 1844 alikuwa Buganda na ndiye anayekumbukwa kwa kumkabili Kabaka Suna alipokuwa akiua watu ovyo, akamweleza kwamba watu hao wameumbwa na Allah naye hana haki ya kuwamwaga damu.

Matunda ya maneno kama hayo yalionekana Buganda. Kabaka Mutesa, mwana wa Suna, alijifunza mambo ya Uislamu, na kuanzia mwaka 1867 akaamuru Ramadhani ifungwe katika nchi yake. Huko mwezi mwandamo ukawa alama ya ibada. Karagwe, mwendo wa siku chache tu kusini, mwezi ule ule uliendelea kupigiwa ngoma za kiapo, na Rumanyika hakusilimu.

Hatumhukumu mtu, hukumu ni ya Allah. Lakini tutafakari. Kafuro walikuwepo watu waliosali kwa kutazama jua na kufunga kwa kutazama mwezi. Maswali ya Rumanyika juu ya jua na mwezi yamehifadhiwa katika kitabu cha Mzungu aliyekaa kwake wiki chache. Jirani anayejua anapojishughulisha na biashara tu, jirani yake mwenye kiu ya elimu atamuuliza yeyote anayepita.

MIAKA YA MWISHO

Mwaka 1876 alipita Henry Morton Stanley. Akafikia Kafuro kwa Ahmed bin Ibrahim, kisha akaenda Bweranyange kumwona Rumanyika aliyekuwa sasa mtu mzima, akampenda kwa upole wake kama walivyompenda wenzake. Rumanyika alimpa watu na mitumbwi ya kuangalia Mto Kagera. Stanley alifika pia kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo leo ziko Wilaya ya Kyerwa, akakuta wagonjwa wamekuja kuoga wakitarajia nafuu.

Rumanyika alifariki mwaka 1878. Sherehe za mwezi hazikuzuia yaliyokuja. Jamaa wa ukoo wa kifalme waliuana kugombea kiti, kama vile damu ya Rogero ilivyotaka kumwagika zamani. Mwaka 1890 Wajerumani walianzisha kituo chao Bukoba. Katika miaka hiyo hiyo ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe, na ndui ikaua watu. Nchi iliyokuwa ikisifiwa kwa ng'ombe na amani ikadhoofika. Hakuna mfumu aliyewaambia watu wawatenge ng'ombe wagonjwa, kwa kuwa elimu hiyo haimo katika utumbo wa kuku wala katika buruji.

Jina lake halikupotea. Mwaka 2019 Pori la Akiba la Rumanyika-Orugundu lilipandishwa hadhi na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, jirani na Hifadhi ya Ibanda-Kyerwa. Watalii wanaokuja kutazama wanyama wanalitamka jina la mfalme aliyewahi kuuliza kwa nini mwezi hubadilika sura.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Kuuliza si aibu. Mfalme aliuliza mbele ya watu wake. Mwanafunzi asiyeuliza darasani kwa kuogopa kuchekwa ajifunze kwa Rumanyika. Nasi walimu tusimfokee mtoto anayeuliza habari za mbingu, tumjibu.

2. Utabiri hauzimi uadui, mara nyingi huuwasha. Ramli hutaja mtu: shangazi, jirani, mke mwenza, bibi kizee mwenye macho mekundu. Baada ya hapo undugu hufa, na katika nchi yetu wapo wazee waliopoteza maisha kwa kutajwa tu. Rumanyika na Rogero walihitaji suluhu ya ndugu. Dawa wasingeipata kwa mganga yeyote.

3. Elimu ya ghaibu ni ya Allah peke yake. Suratu Luqman aya ya mwisho inatukumbusha kwamba hakuna nafsi inayojua itachuma nini kesho wala itafia ardhi gani. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anayemwendea mtabiri na kumuuliza jambo hazikubaliwi swala zake kwa siku 40, na kwamba anayechota katika elimu ya kutabiri kwa nyota amechota tawi la uchawi. Siku aliyofariki mwanawe Ibrahim jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Mtume (s.a.w.), akiwa katika majonzi yake, aliwakataza. Akawaeleza kuwa jua na mwezi ni alama mbili za Allah, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Angekuwa mtu wa kutafuta ukubwa, angenyamaza tu siku ile.

4. Wazazi, tuchunge nyumba zetu. Kijana mwema asikataliwe posa kwa kuambiwa nyota haziendani. Tuulize dini yake, tabia yake na kazi yake, kisha tuswali istikhara. Mtoto mwenye degedege apelekwe zahanati mapema, asisubirishwe saa ya Mushtari. Mtihani wa darasa la saba haufaulu kwa hirizi yenye namba bali kwa kusoma. Na pesa ya mbuzi inayopelekwa kwa mtazamia ingenunua madaftari ya mwaka mzima.

5. Tujifunze falaki, maana ni elimu ya ibada. Kutoka kwetu Makka ipo kaskazini, ukiinama kidogo kuelekea mashariki. Kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa 6 na dakika 27 mchana, jua husimama juu ya Al-Kaaba. Saa za Makka na za kwetu ni sawa. Simika kijiti wima mahali tambarare dakika hiyo. Kivuli kitaangukia upande mmoja, na kibla ni upande wa pili ulionyooka na kivuli hicho. Mpimie bibi yako msala wake, na ukague msikiti wa kijijini kwenu kwa adabu pamoja na imamu. Hiyo ndiyo kazi ya jua kwa Muislamu. Linamwonyesha wakati wa kusujudu na upande wa kuelekea, lakini la kusujudiwa si lenyewe.

JIPIME

(a) Taja tofauti mbili kati ya falaki na unajimu.
(b) Kwa nini mwezi mwandamo wa Karagwe huonekana umelala?
(c) Ngoma ya Bweranyange ilimchagua Rumanyika. Nini kilichomwezesha kutawala?
(d) Fanya hesabu ya jina lako kwa njia mbili tofauti za kuliandika, kisha mweleze mzazi wako ulichokigundua.

Tunamuomba Allah (s.w.) atupe elimu yenye manufaa, atukinge na shirki ya dhahiri na ya siri, na atujaalie tuwe majirani wenye kujibu pale jirani anapouliza. Aamiin.